Kutajwa na Kusikizwa

King'ora kilibaki Mokowe.
Magari saba yenye vioo vyeusi yalishindwa na maji,
na Jaji Mkuu wa nchi akashuka gatini Amu
kwa miguu yake, kama mtu,
akajibanza ukutani kumpisha punda
aliyebeba mawe ya kujengea.
Punda hakujua itifaki.

Mimi ni karani wa masjala.
Wiki nzima nimefagia,
nimewamwagia mchwa mafuta ya taa.
Msajili alininong'oneza: ile ya Bi Somoe, ifiche.
Nikaisukuma chini ya kabati, ikatokeza pembe
kama ulimi.

Minazi sitini, Matondoni.
Hakimu wa kwanza alihamishwa kabla hajazoea kahawa yetu.
Mwingine alistaafu.
Mwingine, Mungu amrehemu,
alifariki akiwa nusu ya sentensi,
na sentensi ile ingalipo, yangoja kitenzi.
Miaka kumi na tisa.
Imetajwa mara thelathini na moja.
Kusikizwa, bado.

Bi Somoe hakualikwa.
Alikuja na stakabadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga,
akawapita askari kana kwamba ni mapazia.
"Wewe ndiwe wa yuu kabisa?"
"Ndimi, mama."
"Na yuu yako kuna nani?"
Jaji Mkuu akatazama dari. Tukatazama sote:
boriti, na popo mmoja.
"Katiba," akasema.
"Basi niamulie."

Huyu ndiye amwapishaye rais,
ndiye aliyetamka, na amiri wa majeshi yote
akafuatisha neno kwa neno
kama mtoto wa chuoni na alifu yake.
Akavua miwani.
"Siwezi, mama. Sina amri juu ya kalamu ya hakimu.
Siku nitakapomwambia aandike nini,
jirani yako naye atanipigia simu."

Bi Somoe akacheka, cheko kavu
la mtu aliyefika kisimani na kamba fupi.
"Sasa ukubwa wako ni wa nini?"

Swali lile halikuwamo kwenye ratiba.
Msajili alikohoa. Feni ilizunguka.
Jaji Mkuu akauona ule ulimi chini ya kabati,
akainama mwenyewe,
akapangusa vumbi kwa mkono wa joho.
Wasemao ukubwa ni jaa
hawakuliona doa lile.
Alisoma akisimama, mpaka penye sentensi isiyo na kitenzi,
akarudi nyuma, akasoma tena.
"Naweza kukuletea wa kusikiliza," akasema.
"Yeye, na kiti chake, na siku.
Atakachosikia ni chake."

Boti ilipoondoka nikafungua shajara ya korti.
Bi Somoe nyuma yangu, ananukia udi na hasira.
Katika ile sitini, alisema, imesimama arubaini na miwili;
mengine hakuyasema.
"Siku hiyo ni ya kutajwa?"
"Ya kusikizwa."
"Mbona waandika kwa penseli?"

Nikaanza kutafuta wino.