Si Huu

Nimefunga utepe wa kitenge mkononi,
mwekundu, umelegea, haubani,
kipande kilichobaki kwenye blauzi ya Nsimire,
ili hata umeme wa Bukavu ukikatika
muuguzi wa zamu ya usiku aone:
si huu.

Si huu, mwanangu. Sindano ipeleke kulia.
Na kipimo cha presha, kulia.
Najua mishipa ya huko imechoka,
inajificha kama wadeni mwisho wa mwezi.
Itafute. Nauza makaa Kadutu, nimezoea kungoja.

Huu wa kushoto ulipandisha magunia
kwenye matope, mlima mzima.
Siku walipoondoa titi
walichukua na tezi za kwapani,
daktari akasema: kuanzia leo ni mgeni,
usiubebeshe, usiuchome, usiubane.

Mgeni! Miaka hamsini na mmoja nyumbani kwangu.

Basi nauketisha juu ya mto.
Jirani wa kitanda cha dirishani anacheka:
“Mama Cito, unautunza kama bwana harusi.”
Nacheka pia.
Bwana harusi mwenyewe hajafika hospitali.

Mara ya tatu, mshipa umepatikana.
Kulia.