Volti Moja, Ghorofa Moja

Mchana natengeneza lifti za Hervanta,
mtaa wa Tampere ulio mbali na mto,
maghorofa ya zege, madirisha ya aina moja.
Usiku natengeneza sauti.
Kazi ni ile ile, amini usiamini:
kitu kipande, kishuke,
kisimame mahali pake bila kumkwaza mtu.

Nje, baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Mezani, pasi ya kulehemu imefika mia tatu na hamsini,
na lehemu ikiyeyuka inafuka moshi
wenye harufu ya utomvu wa msonobari,
mti ule ule uliobeba theluji dirishani
bila kujua jamaa yake anaungua humu ndani.

Paneli niliitoa kwenye lifti iliyostaafu,
bati la mwaka sabini na nne,
vitufe vyake bado vinahesabu, sifuri hadi saba.
Kila volti moja ninayoingiza,
sauti ipande oktava moja kamili.
Volti moja, ghorofa moja.
Ndivyo inavyotakiwa.
Yangu ilipofika ya tatu
ilikuwa imeipita sakafu kwa unene wa kidole,
na mimi nawajua watu waliovunjika nyonga
kwa unene wa kidole.

Nikapima transista mia moja, moja moja,
nikiandika kwa penseli nyuma ya bili ya umeme,
nikitafuta mbili zinazolingana.
Ya hamsini ikaniponyoka.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nikainama, nikaikuta,
pamoja na soksi,
na ile skrubu niliyomsingizia Raimo wiki tatu nzima.
Samahani, Raimo.

Ya kumi na tisa na ya themanini na nne.
Pacha waliolala mfuko mmoja bila kujuana.
Nikazigundisha mgongo kwa mgongo
ili joto la moja liwe joto la mwenziwe,
zikipamba moto zipambe pamoja,
zikipoa zipoe pamoja,
na noti isiyumbe.
Aliyekuwa mke wangu angecheka sana.
Sikumpigia kumwambia.

Nikawasha.
Kimya. Halafu harufu.
Chipu nilikuwa nimeipachika kichwa chini,
mimi, fundi wa miaka ishirini na sita,
na senti themanini zikapaa hadi darini.
Nikachomeka nyingine. Mikono ilitetemeka,
sitasema uongo.
Ikaunguruma.

Alhamisi tunakutana chini,
chumba kilicho kati ya mashine za kufulia na sauna,
watu wanne na waya kama tambi zilizomwagika.
Hakuna anayeimba. Hakuna anayecheza.
Raimo anavuta waya mwekundu, anautia kwingine,
tunasikiliza kilichobadilika,
tunatikisa vichwa kama madaktari.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Tyyne wa ghorofa ya saba,
taulo kichwani, ndoo mkononi.
Tukajua tumekwisha.
Akasema, "Punguza mwendo."
Nikapunguza sauti.
"Mwendo, nimesema. Sauti iache."

Nikazungusha kitufe.
"Bado. Mashine yangu ya kufuma, namba kumi na moja,
ilikuwa ikivuta pumzi baada ya pigo la saba."
Raimo akachomoa waya wa hatua ya nane.
Tako tako tako tako tako tako tako,
pengo.
Tako.
Vidole vya miguu yake vikaanza kucheza ndani ya kandambili,
na mkono wake wa kushoto, ule usiobeba ndoo,
ukaenda hewani kushika uzi
ambao sisi hatukuuona.

Muda gani? Sikupima, na mimi hupima kila kitu.

"Karibu," akasema hatimaye.
"Ila yangu ilikuwa na kelele zaidi."
Akatazama saa, akalaani:
zamu yake ya sauna ilikuwa imeliwa robo saa.

Baadaye nilimwona akirudi, uso mwekundu, akingoja lifti.
Ikasimama chini ya sakafu kidogo, unene wa kidole.
Akaivuka bila kutazama chini.
Kesho nitaishughulikia.