Hatukuwa Watani

Wakubwa wa Dar wana watani wao wa jadi,
wana wiki nzima ya kutambiana kabla ya mpira
na mwezi mzima wa kununiana baada yake.
Sisi, Chumvi ya Lindi na Mwalo ya Musoma,
hatukuwa na neno.
Ziwa na bahari, nani kamkosea nani?
Tulikutana kwa kuwa ratiba ilisema tukutane.

Mimi nilichana tiketi Ilulu, mlango wa mashariki,
na nilikuwa na daftari.

Mara ya kwanza ni mvua za Aprili.
Basi lao lilinasa Somanga, wakalisukuma
viatu shingoni, kamba kwa kamba.
Mechi ni saa kumi. Saa kumi na nusu hawapo.
Refa akatazama mkono wake, akaweka filimbi mdomoni,
na Chilumba, golikipa wetu, nahodha wetu,
akamwambia: Mkubwa, saa yako inakimbia.
Hivyo tu.
Pointi tatu za mezani tukaziacha mezani.

Waliingia saa kumi na moja kasoro,
wekundu wa tope, tukadhani ndiyo jezi.
Kufika dakika ya themanini mpira hatuuoni,
tunausikia:
du, kwenye goti la mtu,
du, ardhini,
kisha wavu, fyaa, kama mtu anayepepeta mchele.
Hakuna aliyejua nani kafunga, hata wao.
Nikaandika: Mwalo moja, Chumvi bila. Mfungaji: giza.
Msimu ule tulikosa kupanda kwa pointi mbili.
Watu walimnunia Chilumba mpaka korosho zikaiva.

Mara ya pili ilikuwa kwao, sikuiona.
Bila kwa bila. Vijana walirudi na sato mkavu
mkubwa kama mlango wa banda la kuku.

Ya tatu nayo sitaisahau: penalti, dakika ya tisini,
Bwire Masatu anarudi nyuma hatua saba
(nilizihesabu, saba ni nyingi mno)
na anapiga juu ya goli, juu ya ukuta,
moja kwa moja kwenye sufuria ya Somoe ya ming'oko.
Uwanja ulicheka mpaka washika vibendera wakacheka.
Baada ya mechi alikuja mwenyewe kulipa.
Alichuchumaa pale langoni pangu, akala ming'oko yote,
basi lao linapiga honi, yeye anauliza:
huu muhogo wenu mbona mwembamba hivi?
Chilumba akachuchumaa naye. Akamfundisha kumenya.

Ya mwisho, sote tulikwishashuka daraja.
Sikuchana tiketi. Lango nililiacha wazi, mbuzi wawili wakaingia.
Tatu kwa tatu. Watazamaji kumi na wanne, nikiwamo.
Sijapata kuona mpira mzuri kama ule.

Halafu hakuna tena.
Ofisi ya Chumvi sasa wanasajili laini za simu.
Mwalo sijui.

Chilumba tulimzika Oktoba, mabibo yameanza kudondoka.
Arobaini yake watani walikuja na kazi yao:
mmoja kavaa glavu zake, anaruka ruka uani,
anadai marehemu alifungwa na giza,
toeni hela la sivyo sishuki,
na wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka.
Ndipo akaingia mtu mrefu, mvi, begi begani,
siku tatu barabarani,
akasimama kati ya jamvi na jiko.
Si ndugu. Si jirani. Si mtani,
hana ruhusa ya kuchekesha wala zamu ya kulia.

Karani wa rambirambi akainua kalamu:
Na wewe, mzee, nani kwa marehemu?

Akafikiri.
Watu walikuwa wanasubiri pilau.

Nilikosa penalti mbele yake, akasema.

Karani alinitazama. Nikatikisa kichwa kwamba ni kweli,
ninayo kwenye daftari.
Akaandika, kwa mwandiko wake wa kulala:
Bwire, Musoma. Penalti. Elfu ishirini.