Hiyo "Tu"

Ndanu amenikalisha kwenye meza ya kulia
kama askari wa trafiki aliyepata gari lisilo na bima.
Ana kalamu. Simu yake inapima dakika.
"Jieleze," anasema. "Mbili tu unazo."

Naanza: Tulipokea mapipa ya rangi,
tukayapanga, tukayahesabu, tuka—
"Nani, Baba?"
Sisi.
"Kesho hawaajiri sisi. Sema ni.
Nilipokea. Nilihesabu."

Miaka ishirini na miwili nimesema tu.
Usiku ule Mto Ngong ulipoingia stoo bila hodi
tulinyanyua magunia ya chokaa,
mimi na Okumu, na Wanja wa malipo
viatu vyake akiwa amevitia kwapani,
maji magotini, taa zimekatika,
gunia moja mikono sita.
Nilibeba lipi?

"Haya. Wewe ni nani pale kazini?"
Mimi ni mtunza stoo tu.
Ndanu anaweka kalamu chini.
"Na hiyo nayo. Iache hapa nyumbani."

Sikuwahi kuona kwamba zinaandikwa sawasawa,
ile ya kuwa wengi
na ile ya kuwa mdogo.

Mimi niliajiriwa kwa swali moja.
Mzee Velji alisimama uani, Lunga Lunga,
kikombe cha chai mkononi,
akayaonyesha mapipa kwa kidevu: "Mangapi?"
Mia moja na saba, nikasema.
Akanywa chai. "Anza kesho."
Nilibahatisha.
Alikufa bila kujua,
nami kila mwisho wa mwezi tangu siku hiyo
nahesabu mara mbili.

Mjukuu wake sasa ameleta kidude
kinachohesabu kwa mwanga mwekundu.
Piip. Hakichoki. Hakina wa kumdanganya.

Kazini nimesema jino.
Jino gani sikusema, wala hakuna aliyeuliza;
ndilo jino langu la kwanza katika ajira.
Jioni hii linaniuma kweli.

"Udhaifu wako ni upi?"
Nakawia kuondoka.
Ananitazama. Hili haliandiki.

Kucha nimezisugua kwa ndimu, kwa mafuta taa.
Gumba la kulia limebaki na kijani nambari kumi na nne,
kile cha milango ya shule.
"Ficha mkono chini ya meza," asema mke wangu
akipiga pasi shati ambalo tayari limenyooka.
Halafu, bila kuinua macho:
"Au usifiche."

Saa nne usiku nalijaribu koti.
Mabega yamekataa kidogo, kifungo kimekubali.
Nageuka mbele ya kioo cha kabati:
Nilipokea. Nilihesabu. Nilifunga.
Sauti yatoka kama ya mtu anayekana kosa.

Kuna kitu kinakwaruza kifuani.
Mfuko wa ndani, karatasi iliyokunjwa mara nne:
ratiba ya mazishi, Agosti ya mwaka juzi,
Okumu katika picha ya kitambulisho,
ametoa macho kama aliyeamshwa ghafla.
Maisha yake yote kurasa mbili.
Shule, ndoa, watoto, ugonjwa.
Sisi tumo, mstari mmoja:
"Marehemu pia aliwahi kufanya kazi kiwandani."
Aliwahi. Miaka kumi na tisa.

Ndanu kutoka mlangoni:
"Baba, mfuko umevimba."
Naitoa. Naikunja upya, iwe nyembamba zaidi.
Nairudisha palepale.

Saa tatu na nusu, Upper Hill, ghorofa ya tisa.
Nitasema ni, mwanangu, nimekusikia.
Nitasema nilihesabu, nilifunga, nilinyanyua.
Lakini wakiniuliza stoo tulikuwa wangapi,
hapo sitabahatisha.