Siku Kumi na Nane

Ukingoni mwa rafu ya tatu, penye dawa za presha,
lebo ya bei imekaa juu ya lebo.
Jana mvua ilipopiga bati na duka likapooza
nilizibandua kwa ukucha.
Zilikuwa tano. Ya chini kabisa
ina mwandiko wa Bi Ndeshi aliyeniachia kaunta hii;
saba yake ina mkia, na bei yake ya siku zile
leo hainunui hata vitumbua.

Aikande Mlay hushuka kutoka Uru kila mwezi
na fundo kwenye pindo la kitenge.
Ndani ya fundo mna kahawa,
yaani kilichobaki cha kahawa
baada ya mbolea, na ada ya mjukuu, na deni la ushirika.
Bima anayo. Kadi imechakaa pembe kwa kuonyeshwa.
Dirishani, hospitali ng'ambo ya barabara,
wamemwandikia kwa wino wa bluu: haipo, kanunue nje.
Nje ni mimi.

"Nipe za siku kumi na nane."
Mama, mwezi una siku thelathini.
"Wangu hauna."

Nikamwaga vidonge kwenye sahani,
nikavisogeza kwa kijiti, viwili viwili,
naye akauliza, macho yakiwa kwenye vidole vyangu,
nani hukaa akapanga bei.
Nikamtajia: kiwanda huko ng'ambo, dola iliyopanda,
meli, bandari, wakala,
ghala la Arusha, gari la kuleta Moshi,
pango, umeme,
na mimi. Sikujiruka. Nilisema, na mimi.
Alisikiliza kama mtu anayesomewa
ukoo wa mchumba wa bintiye.

"Njia hiyo naijua," akasema.
"Kahawa yangu huipita ikienda.
Ghala, wakala, bandari, meli,
na kila kituo wananikata.
Sasa dawa inarudi kwa njia ileile
na kila kituo wananiongezea."
Akacheka kidogo, akafungua fundo kwa meno.
"Na bandari yenyewe sijawahi kuiona."

Nilitaka kumpunguzia. Nilipunguza mia mbili,
nikaona haya, maana alinishukuru.
Kimoja alikimeza palepale
kwa maji ya chupa yangu,
kumi na saba akavifunga palipokuwa na pesa,
akavuka barabara bila haraka,
mkono juu ya fundo.

Asubuhi hii wakala amepiga simu:
Jumatatu bei mpya, usiseme sikukwambia.
Lebo ya sita nimeshaiandika. Iko drooni,
gundi bado imefunikwa.

Na zile siku kumi na mbili za Aikande
ziko pale rafu ya tatu,
zimepangwa vizuri ndani ya boksi lao,
hazijaisha muda,
hazijanunuliwa.
Nikifagia nazipita.