Watu Sita, Birika Moja

Amekuja kijana wa kaunti na futi ya chuma,
kavua viatu dakani (kalelewa, nikasema moyoni),
akaanza kuipima nyumba ya mama yangu
kama apimaye bafta ya sanda.

"Bi Mwanahidaya, kanuni mpya:
nyumba yenye wapangaji zaidi ya wanne
wasio jamaa, choo kimoja,
sharti iwe na leseni."

Nikamwambia, andika.
Chumba cha juu, Dama, muuguzi wa zamu ya usiku;
mchana kinu chetu hakilii.
Cha kati, Kahindi na nduguye, wachukuzi wa mawe.
Punda wao hana chumba, usimwandike.
Cha nyuma, mwalimu Ekiru, alikuja Langoni kwa muhula mmoja,
huu mwaka wa saba.
Na Lali wa mahamri: namdai kodi ya miezi mitatu,
ananidai mahamri ya minne.

Ukuta ukatoka unene wa dhiraa nzima.
Fomu haina mahali pa unene.
Dirisha likapungua inchi tatu.
Nilitanue? Na wale wa makumbusho,
wanaokataza hata kukwangua chokaa,
nitawaambia nini?
Akaitazama kalamu yake.

Akauliza mlango wa pili, wa kukimbilia moto.
Hapo sikumjibu kwa mzaha.
Nilikuwa na miaka tisa makuti ya kina Famau yaliposhika.
Mlango mmoja,
komeo nje.
Nikamwonyesha wikio letu la kupitia kwa jirani;
tangu usiku ule halijafungwa.
Akaliandika, polepole, kwa mwandiko mzuri.

Kisha: "Uhusiano wa wakaazi. Jamaa, si jamaa. Tia alama."

Nilipovunjika nyonga Dama alinibeba mgongoni
hadi choo hichohicho kimoja, siku arubaini,
akanimwagia maji ya birika kata kwa kata.
Jamaa zangu wa Mombasa walinitumia picha ya maua kwenye simu.
Nikamwuliza: mwanangu, hiki kiboksi chako
kimepungua inchi ngapi?

Akakunja futi. Ada elfu nne, akasema,
stakabadhi itafuata.
Mlangoni akageuka, kiatu kimoja mguuni,
sauti imeshuka:
"Bi, kile cha ngazini kina mtu?
Huko Kashmiri ninakolala tuko tisa,
na choo hakina mlango."

Nikamwambia avae kwanza kiatu cha pili.