Chatu wa Mabatini

Nilimshusha kwa bando la usiku, saa nane,
megabaiti ishirini na sita na vipande,
LUKU ikiwa imebaki uniti mbili.
Mama akauliza toka kitandani: unashusha nini?
Chatu, nikasema.
Akakaa kitako.
Babu yake alicheza na chatu ngomani, huko Magu,
alimvaa shingoni kama mtandio watu wakipiga vigelegele,
lakini hata yeye, mama akasema,
hakumlaza ndani.

Ni lugha tu, mama. Ya kuiambia mashine ijumlishe
kilo za dagaa zilizomo daftarini mwako,
nani kabeba gunia Mwaloni, nani hajalipa tangu Pasaka.
Akajilaza. Basi aanze na Bugumba.

Nikabofya ndiyo, ndiyo, endelea, nimekubali.
Mstari wa kijani ukatambaa hadi mwisho wake:
imekamilika.
Nikafungua dirisha jeusi, nikamwita kwa jina.
Mashine ikajibu kama karani wa masjala
asiyeinua uso:
huyo simtambui.

Nikamwita kwa herufi kubwa.
Nikamwita kwa herufi ndogo.
Nikazima, nikawasha, dawa yetu ya kila ugonjwa,
nikamfukuza, nikamrudisha,
simtambui.
Na yumo! Nimemwona kwa macho yangu,
kajikunja kwenye folda ndani ya folda ndani ya folda,
ameshiba, ametulia.

Kulipokucha nikampigia Lufungulo,
fundi aliyehamia Nansio na deni langu la chaja.
Kulikuwa na kisanduku, akasema,
chini kabisa, kidogo kama punje ya mtama.
Uliweka tiki?
Sikuweka. Nani husoma ya chini?
Basi yupo, ila hana njia.

Nikatazama nje.
Huku kwetu nyumba zimeparamia majabali,
hakuna mtaa, hakuna namba.
Mgeni unamwambia: panda ngazi za saruji,
lipite jiwe lililopakwa chokaa,
kushoto penye bomba linalovuja,
ukisikia cherehani ya Nyamizi, umepitiliza.
Asipoambiwa hivyo atauzunguka mlima kutwa,
na akirudi mjini ataapa hatukai huku.
Wala hatakuwa mwongo.
Alitafuta alikoelekezwa.

Nikaandika njia nzima, herufi kwa herufi,
na ile mikwaju inayolalia mgongo.
Ikagoma tena.
Kompyuta hii ilikuwa ya ofisi ya shule,
bado ina jina la bwana wake wa kwanza, Mhasibu Mkuu,
na kati ya Mhasibu na Mkuu pana uwazi.
Mashine ilifika Mhasibu, ikasimama ukingoni
kama mtu aliyekuta daraja limebebwa na mvua.
Nikaifungia njia ndani ya alama za kunukuu,
mkono huu na mkono huu,
ikavuka.

Kisha nikaiweka kwenye orodha, isinisumbue kesho.
Bado simtambui!
Lufungulo akacheka hadi salio lake likaisha,
lakini neno la mwisho lilipenya:
funga dirisha hilo, lilifunguliwa kabla ya habari.

Nikafunga. Nikafungua jipya. Nikaita.
Mishale mitatu ikatokea, imeelekea kulia,
na kidoa kinachokonyeza.

Thelathini na nane, jumlisha arobaini na moja na nusu,
jumlisha ishirini na saba.
Mia moja na sita na nusu, nikamsomea mama kwa sauti,
kifua mbele, kama niliyewavua mwenyewe.

Mama alikuwa anapepeta mchele.
Mia na ishirini, akasema, hakugeuka.
Daftari linasema...
Daftari halikuwepo. Furushi lile la siku ya msiba
nilimpa gizani, sikuandika.

Nikaigeukia mashine.
Mishale mitatu,
kidoa kinakonyeza.
Nikaandika: kumi na tatu na nusu.